Msimu wa Fulana Mbichi

28 Januari

Kwako Mwanya,

Joto limeanza. Nimejua kwa shuka za nyumba ya wageni. Nilizianika baada ya chai, na kabla sijamaliza kusuuza karai la pili zilikuwa zimekauka kama karatasi. Zamani ungesema, "Leo jua limetupenda." Mimi nilipozigusa nilishtuka, nikaacha kila kitu nikaenda kumshika mwanao kichwa.

Yu salama. Yumo ndani ya beseni lake la bluu, anapiga maji kwa viganja na kuzungumza na mtu nisiyemwona. Siku hizi namwita Samaki. Mama yako hapendi. "Mtoto wa watu unamwita kitoweo?" ananiambia. Lakini jana nimemsikia naye akimwita hivyo hivyo, akidhani niko uani.

Ulimwacha anatambaa. Sasa anatembea, tena anatembea kama mtu mwenye miadi. Nywele zake bado ni chache, laini, unaona ngozi chini yake. Meno yametoka manne tu, yamechongoka kama ya paka mdogo, na yote manne anayatumia kuniuma.

Nimeanza kukuandikia kwa sababu kuna jambo hukulijua ulipoondoka, na mimi nimechoka kulijua peke yangu.

1 Februari

Jambo lenyewe ni hili. Zile hazikuwa homa.

Unakumbuka tulivyokuwa tukikimbia naye hospitali kila mwezi wa joto, anapimwa damu, anapewa dawa, tunarudi, anachemka tena? Unakumbuka ulivyokuwa ukisema, "Mbona jioni anapoa mwenyewe?" Ulikuwa karibu sana na jibu. Baada ya wewe kwenda tulipata daktari mwingine wa watoto, mama mmoja mpole mwenye miwani ya kamba. Alimtazama Samaki bila haraka. Akampapasa nywele, akamfungua kinywa, akampitishia kidole mgongoni. Kisha akaniuliza, "Baba, umewahi kumwona mtoto huyu akitoka jasho?"

Nikafikiri. Mwanya, mimi nafua nguo za watu. Najua jasho la kila mtu mtaani hapa, la shingoni, la kwapani, la mgongoni. Na nguo za mwanangu sijawahi kuzikuta na jasho hata mara moja. Nilidhani ni usafi wa utoto.

Amezaliwa hivyo. Mwili wake haukutengenezewa matundu ya jasho. Ni ugonjwa wa kuzaliwa nao, adimu, daktari mwenyewe alikuwa ameusoma tu vitabuni na kumwona mtoto mmoja kabla ya wetu. Hauna dawa. Akili yake nzima, moyo mzima, kila kitu kizima. Ila joto likiingia mwilini halina mlango wa kutokea, na likizidi linaweza kumuua. "Wewe ndiye utakuwa jasho lake," daktari alisema. "Mloweshe, mpepee. Kila siku ya joto. Maji na upepo."

Ndiyo kazi yangu sasa. Nalowesha fulana zake ndogo, nazikamua nusu, namvalisha. Zinakauka mwilini mwake. Namvua, namvalisha nyingine. Nina kamba ya pili ya kuanikia, nayo inatembea, inacheka na kuuma.

3 Februari

Joto. Kufua. Samaki amepigana na kibanio cha nguo, kibanio kimeshinda.

8 Februari

Leo nimemkosea mama yako adabu, kisha nimemwomba radhi.

Nilikwenda kupeleka nguo za pasi kwa yule mwalimu. Kurudi, namkuta Samaki amefunikwa blanketi hadi kidevuni. Uso mwekundu, mkavu, anahema kama mbwa mdogo. Nikalivuta blanketi bila hata hodi.

"Mama! Unampika mtoto?"

"Alikuwa wa moto," akasema. "Mtoto akiwa wa moto anafunikwa, homa itoke na jasho. Mimi nimelea watoto kabla hujajua kufunga vifungo."

"Hana jasho, Mama. Itoke na nini?"

Nilikuwa nimekwisha kummwagia mtoto kata ya maji, na yeye akaona mwenyewe jinsi alivyofumbua macho na kunyoosha mikono kwenda kwenye ile kata. Mama yako akaketi kwenye kigoda. Nikapiga magoti kumwomba msamaha kwa sauti niliyompandishia.

"Inuka, mkwe wangu," akasema. "Utaniharibia sakafu kwa hayo maji." Kisha akaongeza, "Lakini mikono inakataa kujifunza. Nikimwona wa moto, yenyewe inatafuta blanketi."

12 Februari

Dada yako amepiga simu. Huko kwao milimani, asema, asubuhi hawaonani kwa ukungu.

"Shem, tunalala na mablanketi matatu. Wewe huko unakaanga mtoto. Mlete."

"Shemeji, ana baba."

"Nimesema hana? Nimesema mlete. Baba hatoi ubaridi. Kama unatoa, nitumie kidogo kwenye chupa niuze."

Nilicheka, unamjua. Lakini hakuwa anatania. Amesema atakuja mwenyewe kumchukua. Nikamwomba anipe mpaka mvua. Nikamwambia, mvua ikinyesha na mtoto hajalazwa hospitali, atakuwa ameona kwamba ninaweza, basi aniachie.

"Na akilazwa?"

"Akilazwa, njoo."

Sikumwambia mama yako. Nimemwambia wewe. Nilishazika wawili siku moja, wewe na yule mdogo wake aliyekwenda bila kupewa jina. Nyumba hii nikimtoa na huyu itabaki na kamba tu.

15 Februari

Fundi redio wa jirani amekuja kuchukua suruali yake, akamkuta Samaki anachuruzika maji uani.

"Hujambo, gari bovu?" akamwambia. "Wewe injini yako safi kabisa, ila kiwandani walisahau kukuwekea rejeta ya kuipoza."

Samaki akamrushia maji usoni. Fundi akasema hiyo ndiyo shukrani ya wateja wote. Kabla ya kuondoka akaniambia ana feni kuukuu anaishughulikia, ikikubali kuzunguka ni ya gari bovu. Mpaka sasa inakubali kunguruma tu.

18 Februari

Leo mama yako ameniuliza umetoka wapi ugonjwa huu. Nilikuwa nikiliogopa swali hilo tangu mwaka jana. Daktari alikuwa amenieleza kwamba unapita kwa mama. Binti anaubeba bila kuumwa, au unamwachia alama ndogo tu, nywele nyepesi, au meno machache. "Mama yake alikuwa na meno yote?" aliniuliza. Nikamjibu, alikuwa na mwanya. Akasema huenda lile lilikuwa pengo la jino ambalo halikuota kabisa.

Nilitoka pale nikakaa kwenye benchi la nje muda mrefu. Mwanya wako! Ndio ulionifanya niunguze kola ya shati kwa pasi siku ya kwanza ulipokuja kuchukua nguo za baba yako. Uliicheka ile kola, nikauona tena, na tangu hapo sikukuita jina lako tena.

Sikutaka kumdanganya mama yako. Nikamwambia. Akashika mdomo wake, akapitisha ulimi kwenye mapengo yake mwenyewe, yale ya meno ambayo siku zote alisema hayakuwahi kuota.

"Basi ni mimi," akasema. "Mimi ndiye niliyekuletea balaa hili nyumbani kwako."

"Mama," nikamwambia, "wewe uliniletea mwanya."

Akalia. Nami nikalia kidogo, nikisingizia moshi wa pasi ya mkaa. Samaki alikuja akatutazama mmoja mmoja, akagusa machozi ya bibi yake kwa kidole, akakilamba. Yeye ana machozi machache sana. Nadhani alishangaa kuona maji yanatoka ndani ya mtu.

21 Februari

Mchana wa leo nitauweka.

Kulikuwa na upepo. Nilikuwa nimeanika shuka za nyumba ya wageni, safu baada ya safu, ua mzima mweupe. Samaki aliingia katikati yake akapotea. Nilikuwa naona miguu yake tu chini ya pindo, inakwenda, inasimama, inakwenda. Shuka zikavimba, zikashuka, zikavimba, kama nyumba nzima inapumua. Jua likipita ndani yake linakuwa laini, unaweza kulitazama. Akawa anajiegemeza kwenye shuka mbichi, shavu hili, shavu lile, anafumba macho.

Nikamfuata. Ndani mle hakukuwa na mtaa wala joto. Nilikaa chini, akaja akalala kifuani pangu, na shuka ikatupitia usoni, ikarudi, ikatupitia tena, na harufu ya sabuni ile uliyoipenda. Nilifumba macho nami. Nikakusikia upande wa pili wa shuka ukitoa vibanio kimoja kimoja na kuviweka mdomoni, kama ulivyozoea, ukishindwa kunijibu kwa sababu ya vibanio.

Nilipofumbua, shuka zilikuwa zimekauka, mtoto amepoa kama mtungi, na mimi nimechelewesha kazi ya watu.

24 Februari

Joto. Feni ya fundi imezunguka mara moja, ikazima umeme wa nyumba tatu.

28 Februari

Mawingu. Mtaa mzima unatazama juu. Mwenye nyumba ya wageni amesema mvua ni ya wiki hii. Mama yako ametoa mitungi yote nje, akaipanga kama wageni wa arusi. Hata mimi nimevuta pumzi. Jua halionekani. Tumefika, Mwanya. Tumebakiza kidogo tu.

2 Machi

Naandika hospitali. Yuko hai. Nimeliandika hilo kwanza ili usome yaliyobaki bila hofu.

Jana mawingu yalikuwa yameshuka mpaka kwenye mapaa. Hakuna jani lililotikisika. Nilikuwa na kazi nyingi, wageni walikuwa wengi, na mama yako alikuwa amekwenda sokoni. Nikakumbuka ule mchana wa shuka. Nikasema, nitamjengea kile chumba, tena kizuri zaidi. Nikafunga kamba nne, pembe kwa pembe, nikatundika shuka mbichi pande zote, nikaongeza ya pili juu ya kila moja, na nyingine nikaitandaza juu iwe paa. Nikamwekea mkeka na beseni lake tupu la kuchezea. Nikamvalisha fulana mbichi. Aliingia akicheka. Nilijiona mtu mwenye akili.

Nikaenda kupiga pasi kibandani. Kila nikitoa kichwa nje naona shuka zinadondosha maji, tone, tone. Moyo wangu ukawa baridi kwa furaha. Nikawaza, zote bado mbichi, basi naye yuko kwenye ubaridi.

Dobi gani huyo, Mwanya? Dobi gani anayeona shuka iliyoanikwa asubuhi bado inadondosha maji mchana, na asijiulize?

Nilipomaliza rundo la mashati nilikwenda kumtazama. Nikafunua shuka. Hewa iliyotoka mle ilinipiga uso kama mvuke wa sufuria. Alikuwa amelala chali, mdomo wazi. Nikadhani usingizi. Nikamgusa, nikaondoa mkono haraka, kama mtu aliyegusa pasi. Na fulana yake ilikuwa mbichi vile vile nilivyomvalisha. Haikuwa imekauka hata mshono.

Nilimwita kwa jina lake la Samaki, nikamwita na lile ulilompa wewe. Macho yalikuwa yamegeuka juu. Nikatoka naye barabarani nikipiga kelele. Fundi redio alitupa bisibisi chini, akaitoa pikipiki yake.

"Panda! Panda, usiniulize kitu!"

Nilipanda nyuma nimemkumbatia, uso wake mbele, kwenye upepo. Fundi aliendesha kama mwizi. Na huko njiani, Mwanya, kabla hatujafika hospitali, kabla ya sindano yoyote, nilisikia kidole chake kikishika kifungo cha shati langu. Nikatazama. Amefumba macho, lakini anayabana, kwa sababu upepo ulikuwa unamwingia. Fulana ilikuwa inapepea kifuani mwake. Ilikuwa imeanza kukauka.

Pale ndipo nilipojua nilichokifanya. Kinachompoza mtoto huyu si maji. Ni maji yanapoondoka. Nami nilikuwa nimemzungushia maji yasiyo na pa kwenda.

Daktari mwenye miwani ya kamba hakunigombeza. Aliweka feni kubwa miguuni pa kitanda, akamlowesha, akamtundikia dripu, akakaa naye mpaka alipolia. Sijawahi kusikia wimbo mzuri kama kilio kile. Kisha akaniambia, "Nilikwambia maji na upepo, baba. Ukashika maji." Ni kweli. Alinieleza vizuri tangu siku ile ya kwanza. Nilisikia lile nililolijua.

Nikamwuliza, kama nyumba ina feni, kama niko makini kila saa? Akasema siku kama hizi, za mawingu bila upepo, ni mbaya kuliko jua kali, na kwetu zinakuja kila mwaka. Akasema mtoto huyu akikua atajua mwenyewe, atasema "nimechemka", atatafuta kivuli, atajimwagia. Watu wazima wa namna yake wanaishi, wanafanya kazi, wanazaa. "Shida ni miaka hii," akasema, "kabla hajajua kujisemea."

4 Machi

Tumerudi nyumbani. Fundi redio amekuja na feni yake, sasa inazunguka kweli, imefungwa kwa waya na matambara. "Nimeitishia maisha," amesema.

Nimempigia dada yako mwenyewe. Hakuwa anajua habari ya hospitali. Ningeweza kunyamaza. Mama yako angenyamaza nami, fundi pia. Nililifikiria jambo hilo kutwa nzima, nikikunja shuka ileile na kuikunjua.

"Shemeji, alilazwa," nikasema.

Hakutania. Akasema, taratibu, "Nakuja, Shem. Pole. Nakuja."

8 Machi

Dada yako amefika. Ana sauti yako akiwa chumba cha pili. Nimemwomba asiimbe anapopika, hakuuliza kwa nini, akaacha.

Alitaka nami niende. Nimemwambia, huko shuka inakauka siku tatu, dobi atakula ukungu? Na kazi hii ndiyo itakayomlisha na kumtibu. Mama yako ndiye anayekwenda naye. Alijitangaza mwenyewe, ameshafunga na kitambaa cha kichwa.

"Wao wana mablanketi matatu huko," akasema. "Lazima awepo mtu wa kumlinda na mablanketi."

Tulicheka mpaka dada yako akataka kuelezwa. Mama yako akamweleza yote, na la mikono yake pia, bila kujificha.

Makubaliano ni haya. Atakaa milimani mpaka aweze kusema mwenyewe kwamba amechemka, na kujimwagia kata bila kuambiwa. Mimi nitakwenda kila nitakapopata nafasi. Halafu atarudi.

10 Machi

Wameondoka alfajiri, kabla ya joto. Nilimlowesha kichwa nikampepea kwa gazeti mpaka basi likawashwa. Alinipungia mkono kwa furaha. Alidhani mimi ndiye ninayesafiri.

13 Machi

Kufua.

14 Machi

Nimekuta fulana yake moja kwenye nguo za mwalimu. Nimeifua, nimeianika. Imekauka haraka. Kulikuwa na upepo mzuri.

19 Machi

Mvua, Mwanya. Imekuja mchana, bila radi, ikatanda ua mzima mara moja. Nilikimbia kuanua shuka, nikazipata nusu. Kisha nikarudi nje nikasimama tu. Fundi redio aliniona kutoka mlangoni kwake akapaza sauti, "Sasa wewe nawe ndiye samaki?" Aliponitazama vizuri akaingia ndani, akarudi na mwavuli, akasimama nami.

Jioni dada yako alipiga simu. Samaki anakula vizuri, analala usiku mzima, mashavu yamejaa. Mama yako amegombana na kila blanketi la nyumba ile. Kisha wakamwekea simu sikioni.

"Samaki, ni baba."

Nilimsikia akipumua. Pumzi taratibu, za mtoto aliyepoa. Nikamwambia huku mvua inanyesha. Nikamwambia beseni lake lipo. Kisha nikasikia miguu yake ikikimbia mbali na simu, na dada yako akicheka kwa aibu, "Shem, samahani, amemwona kuku."

Nikamwambia mwache amfukuze, huko anaweza kukimbia.

Alivyokimbia, Mwanya! Alikimbia mchana kutwa, dada yako anasema, hata fulana haikuloweshwa. Hilo ndilo nililokuwa naliomba msimu mzima, na limekuja. Lakini huu ni umri wa kusahau. Sisi sote hatukumbuki tulikuwa na nani tulipokuwa na miaka miwili. Nitakapokwenda kumwona atanitazama kama mgeni, nitamwambia jina langu, tutaanza upya, na safari nyingine tena upya. Nimekubali. Afadhali anisahau akiwa mzima.

Ila wewe huko uliko huna kuku wa kukuita, wala hukui. Wewe uliniona nikiwa na kola niliyoiunguza mkononi, ukanicheka. Basi wewe nikumbuke. Unikumbuke tu.